Otilia na Kauntabuku la Mzee Romani

Ukishuka kutoka barabara kubwa kuingia Katandala ukamwuliza mtu barua zinaandikwa wapi, hatakutajia jina la duka. Atakuambia, "Kwa Otilia, pale penye benchi." Jina lipo, limeandikwa juu ya mlango kwa rangi ya bluu, Tulivu Steshenari, lakini hakuna anayejisumbua kulisoma. Utulivu wenyewe hakuna, maana mashine ya fotokopi inanguruma kama ya kusaga na jirani wa kulia anachomelea mageti kutwa nzima. Benchi ndilo linalojulikana. Ni la mbao, mguu mmoja umelegea, na limewekwa ubavuni mwa meza ya Otilia wala si mbele yake, ili anayeketi aone kile kile anachokiona yeye.

Benchi aliliacha shangazi yake, Justa, na pamoja nalo aliacha desturi. Justa alikuwa mpiga taipu, na alimchukua Otilia kutoka Laela akiwa binti aliyemaliza darasa la saba, hodari wa kuuza mahindi ya kuchemsha kwenye madirisha ya mabasi ya Tunduma. "Sauti unayo," Justa alimwambia siku ya kwanza. "Tuitafutie kazi ya maana." Kazi ya maana ikawa kusoma. Kwa Justa hakuna karatasi iliyofika kwenye taipureta kabla ya kusomwa kwa sauti mbele ya mwenyewe, mstari wa kwanza hadi wa mwisho, kidole kikitembea chini ya maneno, hata yale ya kwenye mhuri. Mwenyewe akisema rudia hapo, panarudiwa. Akisema sijaelewa, neno linageuzwa kwa Kifipa kama ni Mfipa, na kama si Mfipa linaelezwa kwa Kiswahili chepesi mpaka aridhike. Wenye haraka zao waliichukia desturi hiyo. Wengine wote walitoka mbali kuifuata: wazee wa mashambani, wavuvi wa Ziwa Tanganyika na mikataba yao ya mitumbwi, wafugaji wa bondeni na barua zao za kuitwa huku na huku.

Huu ni mwaka wa tisa tangu Justa afariki. Otilia ana miaka arobaini na saba, miwani ya kusomea anayoipoteza kila saa, na sifa. Sifa hiyo ni ya haki, hakuna wa kumpunguzia. Lakini mwaka huu alikaribia kuipoteza, na pamoja nayo shamba la mama wa watu.

Aliyemletea Karani ni Mwalimu Evans, wa sekondari ya jirani, ambaye huja kuchapisha mitihani na kuondoka na kalamu zisizo zake. Alikaa kwenye kompyuta ya Otilia dakika kumi tu, akamfungulia programu ya akili mnemba, ile unayoiandikia kama unavyomwandikia mtu nayo ikakujibu.

"Ipe waraka wowote, dada," Evans alisema. "Halafu iulize unachotaka."

Otilia akaipa katiba ya kwaya, kurasa thelathini na mbili, akauliza mwenyekiti anaondolewaje. Kabla hajaipata miwani yake jibu lilikuwa limeshafika, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko cha katiba yenyewe. Siku hiyo hiyo akaipa jina la Karani.

Na tuseme haki, Karani ni mchapakazi. Hachoki, hanuni, wala hana msiba wa kuombea ruhusa. Mwezi wa kwanza Otilia alisoma karatasi kwa sauti kama zamani, ndipo akamwuliza Karani. Kufika mwezi wa tatu alikuwa anamwuliza Karani kwanza, na kusoma baadaye kama nafasi ipo. Nafasi haikuwepo. Foleni ilifupika, watu wakatoka na barua safi, wakamsifu kwa wepesi, na sifa ya wepesi ni tamu mno kwa mtu aliyesifiwa maisha yake yote kwa uvumilivu. Benchi, kwa kuwa hakuna aliyekuwa anaketi kwa muda mrefu, likaanza kuwekewa rimu za karatasi.

Minza aliingia asubuhi ya Alhamisi, mwezi wa sita, upepo wa Ufipa ukiwa katika ubaya wake. Alikuwa amepanda kutoka bondeni, upande wa Ilemba, ambako mtu anaamka na jasho, na kanga mbili alizojifunika hazikumsaidia lolote. Otilia alimwona akitetemeka mlangoni, akavua sweta lake akampa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wabeja, asante. Nyie watu mnaishije na baridi hii?"

"Tumeshazoea. Pita, uketi."

Akahamisha rimu mbili, akaacha nyingine, na Minza akakaa kwenye ncha ya benchi.

Alikuwa mjane wa miaka kama sitini, Msukuma, akajitambulisha kwa jina la bintiye, Mama Mboje. Mumewe, Masalu, alitoka Shinyanga na ng'ombe wake miaka ya tisini, wakahangaika huku na huku hadi kijiji kimoja kilipowapokea mwaka 2003 na kuwapa ekari nane. Wamelima mpunga na mahindi hapo miaka yote hiyo. Masalu alifariki mwaka juzi. Sasa Isdori, mtoto wa marehemu Lazaro aliyekuwa jirani yao, amefungua shauri kwenye baraza la ardhi hapa mjini, akisema ekari hizo ni za ukoo wao na wageni waliazimwa tu. Shauri lilikuwa lisikilizwe Jumatano iliyofuata, na Minza alitakiwa kupeleka maelezo yake kwa maandishi. Asipolishinda, hana pengine pa kulima.

Ushahidi wake wote ulikuwa kwenye kauntabuku la mihtasari ya mikutano ya kijiji. Aliyeliandika, mzee Romani, katibu wa miaka ile, naye alishatangulia. Mtendaji wa sasa, Abel, alikataa kulitoa ofisini, na hapo alikuwa sahihi, lakini alikubali kulipiga picha ukurasa kwa ukurasa, kuanzia mwaka 2003, na kuzituma kwenye simu ya Otilia. Picha kumi na sita. Zilikuwa zimeshafika.

"Mimi sikusoma," Minza alisema. "Lakini siku ile nilikuwepo. Niliitwa mbele. Mboje alikuwa mgongoni."

"Usijali, mama. Sasa hivi tutajua kila kitu."

Otilia akazifungua picha. Wino ulikuwa umefifia, ukungu umekula pembe za kurasa, na mwandiko wa Romani ulikuwa mdogo, umelala upande, wa mtu aliyezoea kubana karatasi. Zamani angetafuta miwani akaanza. Siku hiyo kulikuwa na watu watano mlangoni, na umeme ulishakatika mara mbili tangu saa mbili. Akazipakia zote kwa Karani, akaandika: Chambua mihtasari hii, niambie mkutano uliamua nini kuhusu shamba la Masalu.

Jibu likaja, limepangwa vizuri. Mkutano mkuu wa kijiji ulijadili ombi la Masalu. Uliridhia yeye na mkewe wapewe ekari nane kuanzia kijitoni, kwa muda wa misimu mitatu, kisha waondoke na eneo lirudi kama lilivyokuwa.

Otilia alilisoma mara mbili, kimoyomoyo. Alimwonea Minza huruma ya kweli. Akageuza kiti.

"Pole, Mama Mboje. Daftari linasema mliazimwa. Misimu mitatu."

"Nani anasema?"

"Daftari la kijiji, mama."

"Si kweli. Nilikuwepo."

"Ni miaka mingi, mama. Mtu anasahau. Na karatasi ndiyo hii."

Aliyasema kwa upole, na hapo ndipo alipoharibu. Angeyasema kwa ukali, Minza angepigana. Akaendelea kumshauri, na ushauri wenyewe ulikuwa wa nia njema kabisa: amwone Isdori kabla ya Jumatano, wazungumze kama majirani, pengine atamwachia hata nusu. Minza alisikiliza akiangalia mikono yake. Kisha akavua sweta, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya rimu. Alipofika mlangoni akageuka.

"Niliambiwa wewe unasoma," alisema. "Hujanisomea. Umeniambia tu."

Akashuka ngazi na kuelekea kwa ndugu yake alikofikia, mitaa ya chini ya Katandala.

Otilia kwanza alikasirika. Watu wa namna hii, alijisemea, ukiwaletea habari mbaya wanakuchukia wewe uliyeileta. Akahudumia wale watano, akafunga jalada la mmoja, akatoa nakala ya cheti cha mwingine. Maneno ya Minza yakamfuata kila alikogeuka. Ilipofika saa tisa umeme ukakatika tena, kompyuta ikazima, mashine ikanyamaza, hata mchomelea mageti akatulia. Otilia akabaki na simu, miwani, na lile sweta lililokunjwa. Hakuwa na kisingizio chochote kilichobaki. Akaketi kwenye benchi, upande wa mteja, akafungua picha ya kwanza, akaanza kusoma kwa sauti kama mwendawazimu asiye na msikilizaji.

Picha saba za mwanzo zilikuwa za barabara, kisima na ukarabati wa darasa. Ya nane ilikuwa yenyewe. Masalu na mkewe wamekubaliwa kuwa wanakijiji. Wapewe ekari nane, kutoka kijitoni hadi kwenye mkuyu wa kwa Lazaro, na eneo hilo liwe. Hapo ukurasa ukaisha, bila nukta.

Akafungua ya tisa. Ilikuwa imepinduka, juu chini. Akageuza simu, na picha nayo ikageuka pamoja na simu, kama inamfanyia kusudi. Akaihangaikia hadi ikatulia. Kwa muda wa misimu mitatu, ilisema, kisha waondoke na eneo lirudi kama lilivyokuwa. Akaenda ya kumi. Nayo imepinduka. Ya kumi na moja vivyo hivyo, na zote hadi ya kumi na sita.

Otilia alirudia ile ya nane na ya tisa mara tatu. Maneno yaliungana vizuri mno. Eneo hilo liwe, kwa muda wa misimu mitatu. Lakini kwa nini mtu aandike ukurasa mmoja akiwa ameshika daftari sawasawa, na unaofuata akiwa amelipindua?

Umeme uliporudi alimwandikia Karani: Maneno "misimu mitatu" umeyatoa picha ya ngapi? Karani akajibu kwamba ni ya tisa. Akaongeza kuwa picha hiyo ilikuwa imepinduliwa, na kwamba aliichukulia kuwa mwendelezo wa ya nane kwa kuwa inaifuata na sentensi ya nane haijaisha. Hana uthibitisho kwamba kurasa hizo mbili zinafuatana. Alipaswa kulisema hilo tangu mwanzo.

"Ulipaswa!" Otilia aliifokea kompyuta, mteja aliyekuja kununua bahasha akarudi nyuma hatua moja.

Hasira ikampanda, kisha ikamgeukia mwenyewe, maana Otilia si mtu wa kujidanganya kwa muda mrefu. Yeye ndiye aliyeuliza mkutano uliamua nini, hakuuliza kimeandikwa nini na wapi. Aliulizia jibu, akapewa jibu. Na picha zilikuwa mkononi mwake tangu asubuhi. Aliona aibu, aibu ile ya utotoni ya kukutwa na shangazi umeruka mstari.

Akampigia Abel. "Mbona kurasa nyingine zimepinduka?"

"Nilifunua kutoka 2003 hadi jalada la mwisho, dada, nikapiga kila ukurasa wenye maandishi," Abel alisema. "Zile nilidhani mzee alikosea kushika daftari."

"Kurasa nane mfululizo?"

Abel hakuwa na kosa. Hata hakuwa amezaliwa kijijini hapo.

Kesho yake asubuhi Otilia hakufungua duka. Alichapa picha zote kumi na sita, akazitia kwenye bahasha, akatembea hadi kwa yule ndugu wa Minza. Alimkuta uani juani, ameketi kwenye mkeka, anachambua maharage. Minza aliinua macho, akayarudisha kwenye ungo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Nimekuja kukuomba msamaha. Na kukusomea."

Minza alichambua maharage kiganja kizima kabla ya kujibu. Kisha akasogeza ungo pembeni, akapiga mkeka mara mbili kwa mkono. Otilia akakaa, akavaa miwani, akaanza na barabara na kisima na darasa, kwa sababu ndivyo karatasi zilivyoanza. Minza alisikiliza yote, akatabasamu kwenye kisima, maana alikumbuka kilichimbwa na nani na aliyegoma kuchimba ni nani. Walipofika ya nane akashika goti la Otilia.

"Liwe nini?"

"Ukurasa umeishia hapo, mama. Unaofuata umepinduka, sijui kwa nini. Ndio wenye misimu mitatu."

Akauonesha, akiugeuza ili maandishi yasimame. Minza aliutazama ule ukurasa, akautazama mkono wa Otilia ulivyougeuza, na uso wake ukabadilika.

"Hiyo ni ya nyuma," alisema.

"Nyuma ipi?"

"Nyuma ya daftari. Mzee Romani alikuwa na daftari moja tu. Mbele aliandika mambo ya kijiji. Sisi wa ng'ombe tukija kuomba malisho, aligeuza daftari, juu chini, akaanza kutuandika kwa nyuma. Tulikuwa tunajua wote. Unasimama pale mbele ya meza, ukimwona anageuza daftari, unajua bado wewe ni mpita njia. Masalu aliandikwa nyuma mara mbili. Mara mbili tukahama. Mimi sijui herufi, mwanangu. Lakini siku ile niliiangalia mikono yake. Hakugeuza daftari."

Otilia alivua miwani, akaifuta, ingawa ilikuwa safi.

Kisha akaanza kusoma kurasa za nyuma kwa mpangilio wake, kutoka ya kumi na sita kurudi ya tisa, na kila kitu kikakaa mahali pake. Ya kumi ilikuwa ya mtu aitwaye Meshack, aliyefika na ng'ombe sitini akiomba malisho ng'ambo ya kijito, na mkutano umemkubalia. Ya tisa iliendelea: kwa muda wa misimu mitatu, kisha waondoke. Minza alimkumbuka Meshack. Aliondoka hata kabla ya misimu kuisha. Kurasa za mbele na za nyuma zilikuwa zimekutana katikati, ya tisa ikagusana na ya nane, na Karani akamvika Masalu maneno ya Meshack.

"Sasa liwe nini?" Minza aliuliza tena.

"Sijui, mama."

Ilikuwa miezi mingi tangu Otilia aseme neno hilo akiwa kazini. Minza akaitikia kwa kichwa.

"Afadhali hivyo," alisema, akaurudisha ungo wake mapajani.

Kama daftari lilijaa katikati ya sentensi, Romani lazima alianza jingine. Otilia akampigia Abel hapo hapo mkekani. Abel alisema lipo kabati la zamani kwenye stoo, ufunguo anao mwenyekiti, na mwenyekiti yuko msibani hadi Jumatatu. Hapakuwa na la kufanya ila kusubiri.

Siku tatu hizo zilikuwa ndefu. Otilia alimrudia Karani, ila safari hii kwa namna nyingine. Alimpa kurasa katika mpangilio alioupata kwa Minza, akamtaka aandike kila ukurasa peke yake kama ulivyo, ataje namba yake, neno lisilosomeka aliache wazi na kusema halisomeki, asiunganishe ukurasa na mwingine, na kisichokuwemo aseme hakimo. Karani akafanya. Kazi ilikuwa safi, hata akasoma majina mawili yaliyomshinda Otilia. Kwenye neno mkuyu aliandika kwamba hana hakika, huenda ni mkwaju. Minza alipoulizwa alisema ni mkuyu na upo hadi leo, na Otilia akaandika pembeni kwamba hilo limetoka kwa Minza, si kwa karatasi. Mwisho alimwuliza Karani eneo hilo liwe nini. Akajibiwa kuwa sentensi haijakamilika, na mwisho wake haumo katika picha alizopewa.

Jibu hilo lilimpendeza kuliko yote aliyowahi kupewa. Halikumwondolea hofu. Jumapili kanisani aliwaza maneno yote ambayo Romani angeweza kuyaandika baada ya lile liwe, mengine mazuri, mengine ya kumtoa Minza shambani, na akajua kwamba lolote litakalokuja atalazimika kumsomea, kidole chini ya neno.

Jumatatu saa nane mchana simu ikalia. Minza alikuwa ameketi kwenye benchi tangu asubuhi, sweta la Otilia mwilini. Ilikuwa picha moja tu, ukurasa wa kwanza wa kauntabuku la pili. Otilia hakumpa Karani. Alishika simu mahali ambapo wote wawili waliiona, akakohoa kidogo, akasoma kwa ile sauti ya madirisha ya mabasi.

"Mali yao, Masalu na mkewe Minza, na watoto wao. Mipaka imeoneshwa na jirani yao, Lazaro, ambaye amekubali mbele ya mkutano na kusema wageni hawa sasa ni ndugu. Sahihi, Lazaro."

Chini ya sahihi palikuwa na madole gumba mawili, ya wino wa zambarau, moja kubwa na moja dogo lililoteleza kidogo.

"Mboje alinivuta shingo," Minza alisema. "Ndiyo maana liliteleza."

Akaweka dole gumba lake kando ya picha, akalitazama. Alilia bila kujificha, na Otilia naye akalia, na aliyekuja kutoa nakala ya leseni ya bodaboda akaona heri asubiri nje.

"Nisomee tena," Minza alisema.

Alisomewa mara nne. Kisha wakaandika maelezo, kila neno na daftari lake na ukurasa wake, na kabla ya kuchapa Otilia akamsomea yote.

Jumatano Otilia hakwenda barazani. Alikuwa na kazi, na alikuwa anaogopa. Saa tisa hivi alimwona Minza akipanda ngazi, na nyuma yake mwanamume wa makamo, mrefu, kofia mkononi.

"Huyu ni Isdori," Minza alisema. "Ameliambia baraza hana tena madai. Lakini ana shida na wewe."

Isdori alisalimia, akasimama kama mtu aliyeitwa ofisini. Alisema yeye amesoma hadi kidato cha nne, na ile karatasi ameisoma mwenyewe pale barazani, mbele ya watu, akiwa na hasira. Tangu utotoni baba zake wadogo walimwambia wafugaji wale walipewa misimu mitatu. Walikuwa wanamsema Meshack au Masalu, hakujua, hakuwahi kuuliza. Baba yake alikufa yeye akiwa shuleni, na hakumwachia neno lolote kuhusu lile shamba.

"Sahihi ni yake," alisema. "Naijua. Nataka kusikia alichosema. Mama Mboje ameniambia hapa mnasoma."

Otilia aliziondoa rimu zote benchini, akaziweka sakafuni. Minza akakaa, akasogea hadi mwisho, na Isdori akakaa karibu naye, benchi likayumba kwa ule mguu uliolegea kisha likatulia. Otilia akaitafuta miwani yake, ikakutwa kichwani. Akaanza na ukurasa wa nane, kutoka mstari wa juu, kidole kikitembea, akavuka hadi daftari la pili, mali yao, mipaka, jirani yao Lazaro, wageni hawa sasa ni ndugu.

"Hapo," Isdori alisema. "Rudia hapo."

Otilia akarudisha kidole, akarudia.